Kiapo cha Mariam Poni

"Mimi hapana jua! Mutu anakuja na faili, anakunywa chai, anauliza kwa heshima, mimi nitajua vipi kama yeye iko mutu wa serikali?"

"Ungemuuliza! Huo mdomo unaouliza kila mwanamke wa Oli kitenge chake kimetoka wapi, siku hiyo uliuacha kwa nani?"

"Usinitukane mbele ya watu, Zulaika. Mimi iko na watoto."

"Nikutukane vipi tena, Mama Sulaimani? Wewe umeshanitukana kwenye karatasi, na dole gumba ukabandika juu!"

Na watu walikuwepo, tena wa kutosha. Ugomvi wa mtaa wa Oli haukosi waalikwa. Mwanamke aliyekuwa akipeta simsim alisogea na ungo wake. Waliokuwa wakienda mtoni kufua waliyapindua makarai wakayakalia. Muuza mafuta ya taa, mzee Yakubu, aliyekuwa akipita zake na baiskeli, ghafla aliona mnyororo wake una kasoro, akainama kuukagua asiinuke tena.

Zulaika alisimama upande wake wa ua wa matete, ameegemea gongo, mguu wa kushoto, ule mwembamba uliopigwa na polio, umegusa chini kwa ncha ya kidole tu. Upande wa pili alisimama jirani yake Mariam Poni, huyo Mama Sulaimani, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, mikono kiunoni. Lakini leo mikono hiyo ilikuwa haijui kama ikae pale au ishuke.

"Soma basi, na sisi tusikie," alisema yule wa ungo.

Zulaika akasoma. Karatasi ilikuwa ya Kizungu, naye akaigeuza kwa Kiswahili papo hapo, kwa sauti ileile aliyokuwa akimsomea bosi wake ofisini.

"Mimi, Mariam Poni, mkaazi wa Oli, naapa kwamba jirani yangu Zulaika hawezi kutembea mpaka bombani. Hawezi kupika wala kufua. Maji yake nachota mimi. Chakula chake natoa mimi, katika vitu anavyoniletea mume wangu kutoka mji wa Kaya, Sudani."

Kicheko kililipuka. Alfajiri hiyohiyo nusu ya wale waliokalia makarai walikuwa wamepanga foleni nyuma ya Zulaika bombani, wakamwona akiondoka na jerikeni kichwani, anachechemea, gongo mkononi, na maji hayamwagiki hata tone.

Ila yale maneno ya mwisho, ya mume na Kaya, hayakumchekesha mtu. Hayo waliyaamini. Ni wawili tu pale waliojua kwamba yale ndiyo uongo mkubwa kuliko wote, na mmoja wao alikuwa amekwisha kuinamisha macho.

Zulaika akaikunja karatasi akaingia ndani. Huko nje aliwasikia wakimaliza ugomvi wenyewe bila yeye.

Karatasi hiyo ilikuwa kiapo kilichotolewa na serikali katika kesi ambayo Arua nzima iliijua. Zulaika alikuwa mpiga taipu katika Idara ya Maghala na Usafirishaji, ile iliyokuwa na ofisi Arua na tawi Koboko. Alijifunza taipu kwa masista wa misheni ya Ediofe watu walipoanza kurudi kutoka ukimbizini, akaajiriwa, akafanya kazi miaka bila barua ya onyo. Kisha ikaja amri kutoka Kampala kwamba wafanyakazi wa serikali ni wengi mno, wapunguzwe. Kila idara ilipunguza kwa akili yake. Mkuu wa Maghala hakusumbua akili sana. Alianza na vilema. Obeti, kipofu wa simu wa Koboko, ambaye alikuwa akikutambua kwa kikohozi kabla hujataja jina: nje. Adrabo wa stoo, aliyeacha mkono mmoja vitani: nje. Zulaika: nje. Na wengineo wa gongo, wa kiti, wa sikio bovu. Barua zote zilikuwa na sentensi moja, kwamba ofisi imeona waende kupumzika. Na barua zenyewe, ndilo lililomuuma Zulaika mpaka leo, zilipigwa kwa taipu na mkono wake mwenyewe. Yake aliipiga ya mwisho, bila kosa.

Katiba mpya ilipotoka, ikasema mtu asibaguliwe kwa ulemavu wake, wakili mmoja kijana, Ayiko, mzaliwa wa huku huku, akawakusanya wote chini ya kesi moja. "Mmoja mmoja watawanunua," aliwaambia. "Mkiwa pamoja, itabidi wawajibu." Basi wakafungua. Tangu hapo kesi ilikuwa na maisha kama ya mtoto mgonjwa: leo ana nafuu, kesho amezidiwa. Jaji hakuja. Jaji alikuja, faili halikuja. Faili likaja, wakili wa serikali akaumwa. Jaji akahamishwa, wakaanza upya. Wengine katikati walikata tamaa, wakaitwa kichinichini, wakapewa kitu kidogo, wakajitoa. Waliobaki walikuwa wakisafiri kutoka Koboko juu ya malori yanayotoka Oraba, mpakani, juu ya magunia, Obeti ameshikwa mkono na Adrabo mwenye mkono mmoja, watu wakiwacheka barabarani. Nao walikuwa wakicheka wenyewe kwanza, ili wasiachwe nyuma.

Sasa serikali ilikuwa na hoja moja tu: hatukuwabagua, hawa hawawezi kazi. Na shahidi wake mkubwa, kumbe, alikuwa akiishi nyuma ya ua wa matete.

"Usimlaumu sana," alisema Sadiya, mama yake Zulaika, jioni ile. Alikuwa mzee aliyebakiwa na mifupa na maneno. "Mimi pia ningesema vilevile."

"Mama!"

"Kwani hukumbuki kambini?"

Zulaika alikumbuka. Nani angesahau? Serikali ya wanajeshi wa huku kwao ilipoanguka, Arua na Koboko walikimbia karibu wote, wengine Kongo, wengine Sudani, kwa sababu askari wapya walikuwa hawaulizi nani alibeba bunduki na nani alibeba mtoto. Huko Sudani, ng'ambo ya Kaya, mtu mweupe au mtu mwenye faili alikuwa akipita hema kwa hema akiuliza, huyu anaweza nini? Na kila mtu mwenye akili alijua jibu. Hawezi kitu. Mzima hapewi unga wa ziada. Mama akijua kwamba yule wa faili anakaribia, alikuwa akimwambia Zulaika, binti wa miaka ya kuota matiti: "Lala chini. Uburute mguu. Buruta vizuri, wadogo zako wana njaa." Naye alikuwa akiburuta. Mguu ule ulilisha familia nzima, na yeye akauchukia si kwa sababu ulikuwa mbovu, bali kwa sababu ya kuulaza pale kama nyama buchani.

"Poni ameona faili," alisema Sadiya. "Ameona kalamu. Akafikiri shirika limekuja kuandika vilema. Akakusaidia."

"Amenisaidia kuzikwa."

"Ndiyo. Lakini kwa moyo mzuri."

Nusu ya kiapo Zulaika angeweza kuisamehe, ile ya hawezi kitu. Nusu ya pili ndiyo iliyomkaa kooni. Mume wa Poni, dereva wa lori, alikuwa ameoa kwingine Kaya na hajatuma hata kiberiti tangu msimu wa mawele wa mwaka juzi. Hilo Oli haikulijua. Oli iliona sukari na sabuni dirishani kwa Poni, ikasikia Poni akisema, "Baba Sulaimani ametuma." Vile vitu vilikuwa vya Zulaika. Taipu yake ya mkono, aliyoinunua kwa pesa za kuachishwa kazi, ilikuwa chini ya mwavuli karibu na soko, naye alikuwa akiwapigia mawakala wa Oraba karatasi zao za mizigo. Kila akipata, sehemu ilipita juu ya ua baada ya magharibi, bila neno. Poni hakuwahi kuomba. Zulaika hakuwahi kutaja. Mwanamke aliyeachwa, akijulikana ameachwa, kila mwanamume wa mtaa anajifanya amepotea njia mlangoni pake, na kila mwanamke anafunga mlango wake. Ndiyo maana mtu humsitiri mwenzake. Wazee walisema, ukiumbua jirani umejivua nguo mwenyewe.

Wakili Ayiko aliposikia, siri hiyo ikimponyoka Sadiya na si Zulaika, aliruka kutoka kwenye kiti.

"Lakini hii ndiyo kesi yenyewe! Wanasema huwezi kujilisha. Kumbe unajilisha, unamlisha mama yako, unamlisha na shahidi wao! Utasimama kizimbani useme hivyohivyo."

"Nitasema nachota maji yangu, napika chakula changu."

"Na yeye aliapa kinyume. Neno lako na neno lake. Jaji atamwamini nani? Yeye hana faida katika kesi, wewe unayo. Mpaka useme kwa nini amedanganya juu ya chakula."

"Hilo sitasema."

"Dada Zulaika..."

"Mwanangu Ayiko, kunywa chai."

Zulaika akaenda Koboko kuwaeleza wenzake, kwani jambo kama hilo huwezi kulituma kwa mdomo wa dereva. Alimkuta Obeti barazani kwake, uso umeelekea barabarani, akihesabu magari kwa injini. Akamweleza yote isipokuwa siri yenyewe ya Poni. Obeti akaacha kuhesabu magari.

"Kwa hiyo," alisema, "wewe unamufunika Poni, na shuka ni sisi."

"Si hivyo, bwana Obeti."

"Iko hivyo. Mimi nilikuwa naunganisha simu ya Arua, ya Kampala, ya Gulu, hakuna mutu alilalamika. Sasa nakaa hapa nasikiliza malori. Mtoto wangu anauliza, baba, kazi yako ni gani? Namuambia, kesi." Akatema mate pembeni. "Mimi nakuheshimu, Zulaika. Lakini ile siku ukinyamaza, unatunyamazia wote."

Zulaika akarudi Arua juu ya gunia la mihogo mikavu, vumbi likimwingia mpaka kwenye meno, na hakuona njia.

Poni naye alikuwa amejificha. Mwanamke aliyekuwa akisikika kuanzia bombani hadi mtoni sasa alichota maji wakati wa jua kali, watu wakiwa wamelala. Chai haikunywewa tena barazani kwake. Kwenye ua wa matete, kifurushi kilipita kama kawaida baada ya magharibi. Asubuhi Zulaika alikikuta palepale, kimerudishwa, hakijafunguliwa. Hapo hasira yake ikapanda upya. Angalau chukua sukari, mshenzi wewe, alisema moyoni. Watoto wana kosa gani?

Jaji wa kuzunguka alipofika, mahakama ilijaa mpaka madirishani. Kesi ya vilema ilikuwa imekwisha kuwa ya watu wote: kuna waliokuja kwa haki, na waliokuja kwa sababu hakukuwa na mpira siku hiyo. Walalamikaji walikaa benchi la mbele, magongo yameegeshwa ukutani kama majembe. Jaji alisema Kizungu, mkalimani akageuza, na kila alipogeuza aliongeza chumvi yake, jaji akimtazama juu ya miwani.

Zulaika akaitwa. Akaapa kwa Msahafu. Akaeleza kazi yake, mwendo wake, taipu yake. Ayiko alimwuliza kwa upole, naye akajibu bila kutetemeka. Kisha akasimama wakili wa serikali, mtu wa suti nyembamba na adabu nyingi.

"Bibi, jirani yako ameapa kwamba yeye ndiye anakulisha. Amedanganya?"

"Amekosea."

"Siulizi kukosea. Kukosea ni kuhusu saa au siku. Mtu hakosei kuhusu nani anakula chakula chake. Anakulisha, au hakulishi?"

"Hanilishi."

"Kwa nini basi mwanamke ambaye hamna ugomvi naye, mnayeishi naye ua kwa ua, aape hivyo? Ana sababu gani?"

Zulaika alifungua mdomo. Aliuona uso wa Obeti benchini, masikio yamesimama. Alimwona Adrabo akiuma midomo. Ayiko alikuwa akimwomba kwa macho. Neno lilikuwa hapo, fupi, jepesi: kwa sababu hana chakula, mume amemwacha, mimi ndiye ninayempa. Madirishani kulikuwa na nusu ya wanawake wa Oli. Jioni neno lingekuwa limefika Ediofe, kesho Koboko, keshokutwa Kaya, kwa yule mwanamume mwenyewe na mke wake mpya.

"Sijui sababu yake," alisema.

"Hujui." Wakili akageuka kwa jaji taratibu, kama mtu aliyemaliza kula. "Mheshimiwa, sina swali zaidi."

Kwenye benchi mtu alishusha pumzi, na pumzi hiyo Zulaika aliisikia mpaka kwenye uti wa mgongo. Miaka yote ile ya malori na vumbi. Alishuka kizimbani, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni mguu ulimsaliti, akashikilia ukuta. Wakili wa serikali alimwona akishikilia, akaandika kitu.

"Mimi iko hapa!"

Sauti ilitoka mlangoni. Askari alikuwa amenyoosha mkono kuzuia, lakini ungezuiaje gunia linaloteremka mlima? Mariam Poni aliingia na kanga yake ya sikukuu, jasho usoni.

"Ile karatasi iko yangu. Niulizeni mimi."

Ikawa zogo. Jaji akagonga, mawakili wakabishana Kizungu kwa muda, na mkalimani kwa mara ya kwanza akakosa la kugeuza. Mwishowe Poni akapandishwa, akashika Msahafu kwa mikono yote miwili kama anayeogopa utaanguka.

Ayiko alimwuliza swali moja tu: kilichoandikwa ni kweli?

"Hapana. Zulaika anachota maji. Mgongo ikinishika, anachota na yangu. Chakula..." Aliyatazama madirisha, akawaona wenzake mmoja mmoja, yule wa simsim, wale wa makarai. "Chakula mimi sina. Baba Sulaimani hapana leta kitu. Yeye iko na bibi mwingine Kaya, zamani. Sukari munaona kwangu, sabuni munaona, iko ya Zulaika. Sasa mumejua. Chekeni."

Hawakucheka bado. Wakili wa serikali alisimama, adabu imempungua.

"Mama, ulipobandika dole gumba, uliapa. Leo unaapa tena, kinyume. Kuna siku moja umedanganya. Jaji aamini ipi? Wewe ni mwongo wa siku ile au mwongo wa leo?"

"Ya siku ile."

"Tutajuaje?"

"Siku ile nilifikiri muko na unga," alisema Poni. "Leo hakuna mutu anagawa unga."

Hapo mahakama ikapasuka. Walicheka wa Oli, walicheka wa Koboko, walicheka wale wote waliowahi kulala chini wakaburuta mguu, au kukohoa damu ya uongo, au kuazima mtoto mgonjwa wa jirani ili waandikwe. Mzee mmoja dirishani alicheka huku machozi yanamtoka. Jaji aligonga na kugonga. Yeye alikuwa mtu wa mbali, hakuwahi kukaa kambini, na alitaka kuelezwa kinachochekesha. Mkalimani alijaribu, akashindwa.

Zulaika hakucheka. Alimtazama jaji, naye aliona kitu ambacho wenzake, kwa kicheko, hawakukiona: jaji alikuwa ameandika neno kisha akalipigia mstari, na uso wake haukuwa na huruma wala hasira, ulikuwa na shaka tu. Shahidi aliyekula kiapo mara mbili. Jaji alisema atatoa uamuzi kikao kijacho, na kwamba atafikiri pia kama mama huyu afunguliwe mashtaka kwa kiapo cha kwanza. Kikao kijacho lini? Watatangaziwa.

Nje, Ayiko alisema mambo yamekaa vizuri, lakini alisema hivyo haraka mno. Obeti alishika bega la Zulaika kabla ya kupanda lori.

"Alikuja mwenyewe?" aliuliza.

"Mwenyewe. Mimi sikumwambia."

"Na ungejua hatakuja, ungesema?"

"Sijui, bwana Obeti. Walai sijui."

Obeti akaliachia bega. Hakumwambia kwaheri, na lori likaondoka na wenzake juu, hakuna aliyepunga mkono.

Njia ya kurudi Oli ilikuwa ndefu. Habari ilikuwa imekwisha kumtangulia. Bombani wanawake walimpisha kwa heshima ambayo hajawahi kupewa, na mmoja akamsogelea na sauti ya asali: "Dada Zulaika, pole. Na huyo bibi wa Kaya, ni Mkakwa au wa wapi? Amezaa?"

"Kaulize Kaya," alisema Zulaika, akapita.

Nyumba ya Poni siku zote ilikuwa na pazia mlangoni jioni, ili mtu asione sufuria ina nini. Leo pazia lilikuwa limefungwa fundo juu, mlango wazi, na mtu yeyote apitaye angeweza kuona mpaka ukuta wa nyuma. Poni alikuwa amekaa chini mbele ya mafiga, bado na kanga ya sikukuu, watoto wamemzunguka. Wapita njia walikuwa wakipunguza mwendo hapo. Hakuwatazama.

Zulaika alisimama. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia: kwamba huenda akafungwa, kwamba huenda kesi imekufa, kwamba Obeti hakuaga, kwamba bado ana hasira naye mpaka kwenye kucha. Hakujua aanze na lipi.

"Nasikia watanifunga," alisema Poni bila kuinua kichwa.

"Labda. Labda wasikufunge."

"Na nyinyi? Kazi munarudi?"

"Sijui."

Poni akachanganya sufuria, akaonja, akaongeza chumvi. Akasogeza mtoto mmoja ili nafasi ipatikane kwenye mkeka, akafuta pale kwa kiganja.

"Iko majani ya muhogo tu," alisema. "Simsim hakuna, nyama hakuna. Nimechuma mwenyewe pale nyuma. Weka gongo hapo, Zulaika, ingia, kula na sisi."